Aliyemwaga Maji na Aliyesema Maneno

Niliondoka nyumbani Jumatano alfajiri kwenda Homa Bay kwa padre. Nilikuwa na habari ya kumpa: tumembatiza mtoto wa kaka yangu akiwa karibu kufa, jina lake liandikwe kitabuni, na kama inawezekana padre mwenyewe aje na dawa. Sikujua kwamba ndani ya habari hiyo nilikuwa nimebeba kosa.

Kwetu ni upande wa Migori, ng'ambo ya Mto Kuja. Ulikuwa mwaka wa kwanza baada ya bendera mpya, na mvua ilinyesha kana kwamba haijui kukoma. Kaka yangu alikuwa Kericho kwenye mashamba ya chai. Mkewe, Auma, alijifungua Jumapili, miezi miwili kabla ya wakati. Mtoto alikuwa wa kike, mdogo kiasi kwamba alilala kwenye mkono wangu kutoka kiwiko mpaka kiganja, na miguu haikuning'inia. Auma akashikwa na homa kali. Hatukuweza kumbeba yeye wala mtoto kuvuka mto uliofurika. Mtu mwingine nyumbani alikuwa nyanya yetu tu, ambaye kwa Kijaluo tunamwita dani.

Kaka na Auma wamebatizwa. Mimi nilikuwa mkatekumeni bado, mwaka wa pili, nikijifunza dini kwa Mwalimu Zakaria kule Ndhiwa. Dani hakuwahi kuingia darasa la dini hata siku moja, lakini kila jioni alinisikia nikikariri masomo karibu na moto, na kwa kunisikia alijua maneno mengi kuliko mimi. Nikikwama, alinimalizia huku anachambua mboga.

Jumanne jioni mtoto alianza kuwa wa kijivu midomoni. Auma aliinua kichwa, akaniambia, "Okeyo, maji. Usimwache aende hivi." Kisha homa ikamrudisha chini, akawa hajui tena linalotendeka.

Mwalimu alikuwa ametufundisha jambo hilo wazi. Mtu huzaliwa akiwa na doa la dhambi ya wazazi wetu wa kwanza, na ubatizo humwosha, humfanya mtoto wa Mungu na ndugu wa Kanisa. Padre akiwa mbali na kifo kikiwa karibu, mtu yeyote anaweza kubatiza. Anamwaga maji kichwani na kusema maneno. Maneno yenyewe nilikuwa nayo. Nilichokosa ni sauti. Mimi ni mtu wa haya tangu utoto. Nikitazamwa, koo hufunga kama mfuko uliovutwa kamba. Na kuna jambo jingine, ambalo ninyi wenzangu wa darasa la dini, Wajaluo mtalielewa haraka na Wakuria labda polepole. Kwetu kijana hamwiti mtoto mchanga jina mbele ya mzee. Mtoto akilia, mama mzee humtajia majina ya waliokufa, moja baada ya jingine, na jina atakalonyamazia ndilo lake.

Basi tulifanya hivyo hivyo bila kujadiliana. Mimi nilishika kibuyu cha maji. Dani alimpakata mtoto, akaanza kutaja majina. Mtoto alilia kwa sauti nyembamba kama ya kifaranga. Dani alipofika "Aloo," jina la dada yake mwenyewe aliyekufa zamani, mtoto akanyamaza. Dani akanitazama. Nikamwaga maji kichwani, na Dani akasema kwa sauti yake nzito, "Aloo, nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Hakukosea hata neno moja. Mtoto akavuta pumzi, rangi ikamrudi kidogo. Tulifurahi sana.

Kwa hiyo, Jumatano alfajiri, nikatoka.

Saa moja asubuhi nilifika Mto Kuja. Maji yalikuwa ya rangi ya matofali na yalipita na matawi mazima ya miti. Mtumbwi wa Owiti, mvushaji, ulikuwa upande wetu, na hiyo ilikuwa bahati yangu. Owiti ni mtu mfupi mwenye mabega mapana, na hunyamaza akiwa amelala tu.

"Unakwenda wapi?" akaniuliza.

Nikamjibu.

"Nini? Sema kwa mdomo, omera, ndugu yangu. Usiseme kwa kifua."

"Homa Bay."

"Haya. Lakini nakwambia mapema. Mimi nalala kwangu, upande huu, na mtumbwi unalala nami. Ukirudi utasimama kule na kupiga kelele mpaka nisikie. Mto ukiwa hivi, anayenong'ona atazeekea kule."

Alicheka peke yake mpaka katikati ya mto, kisha hakucheka tena, kwa sababu gogo lilitugonga ubavuni na maji yakaingia mpaka vifundoni. Nilichota maji na kuyatupa nje kwa mikono yote miwili. Tuliposhuka ng'ambo, Owiti aliutazama mto kwa muda kabla ya kugeuza mtumbwi.

Saa tisa alasiri nilifika Ndhiwa. Ilikuwa siku ya soko, lakini mvua ilikuwa imewafukuza watu, na kulibaki matope yenye maganda ya miwa. Nyumba ya Mwalimu Zakaria iko nyuma ya soko. Nilipomweleza, alipiga mapaja kwa furaha.

"Mama Rosa!" alimwita mkewe. "Njoo uone! Huyu kimya amebatiza kabla hajabatizwa!"

"Tumwandalie kiti cha padre, basi," Mama Rosa akasema, akaniletea ugali na omena. "Kula, Baba Padre. Leo hatukupigi fimbo ukikosea swali."

Mwalimu akachukua karatasi na penseli amwandikie padre barua nitakayoibeba. Aliandika kwa kusoma kwa sauti. Siku. Mahali. Jina la baba, jina la mama.

"Aliyemwaga maji?"

"Mimi."

"Okeyo," akaandika. "Aliyesema maneno?"

"Dani."

Penseli ikasimama. Aliinua uso. "Wewe ulimwaga, yeye akasema?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Wewe hukusema kitu?"

"Hapana."

Mama Rosa akaacha kuosha vyungu. Mwalimu akasema polepole, "Nilipokuwa najifunza ukatekista, tulifundishwa habari hii. Ama tulifundishwa kwamba lazima awe mtu mmoja, ama kwamba inafaa awe mtu mmoja. Okeyo, nasema mbele ya Mungu, sikumbuki ni lipi."

"Basi nirudi nikambatize tena?"

"Hapo ndipo pabaya. Kila Jumapili tunasadiki ubatizo mmoja tu. Haurudiwi. Aliyebatizwa ametiwa alama ambayo hata kuzimu haifutiki. Kumbatiza mara ya pili ni kumfanyia Mungu mzaha."

"Na kama hakubatizwa?"

Alisukuma karatasi pembeni. Baadaye alisema, "Mimi siwezi kuamua. Padre ataamua. Kesho asubuhi kuna lori la karanga."

Usiku huo nilihesabu pumzi za mtoto ambaye hakuwa karibu nami.

Alhamisi, saa moja asubuhi, nilipanda juu ya magunia ya karanga. Njiani tuliteleza mara mbili na wapakizi wakashuka kusukuma. Nilijaribu kusali, lakini kila nilipoanza Nasadiki nilikwama pale pale kwenye ubatizo, nikarudi mwanzo. Mungu mmoja, muumba wa vyote. Hilo hata Dani hulijua, na hakufundishwa na mtu. Mwana aliyezaliwa na Bikira Maria, akafa, akafufuka. Roho Mtakatifu. Kanisa. Nikifika kwenye maji, naona kibuyu mkononi mwangu na kinywa changu kimefungwa.

Saa nne na nusu tulifika Homa Bay. Ziwa lilikuwa limepanda mno mwaka ule. Miti iliyokuwa ya kivuli ufukweni ilisimama ndani ya maji, na watu walivua samaki mahali walipokuwa wakipita kwa baiskeli. Nyumbani kwa padre niliambiwa yuko hospitali, anawatembelea wagonjwa.

Nilimwona kupitia mlango wa wodi. Ni Mzungu mzee mwenye goti bovu, amekaa nchini kwetu muda mrefu kuliko umri wangu, na Kijaluo anakisema vizuri isipokuwa ulimi wake hugonga pale ambapo wetu huteleza. Alikuwa ameketi karibu na kitanda cha mzee mmoja, wamesogezeana vichwa.

Sasa nitaandika jambo la aibu, kwa sababu nimemwahidi Mwalimu kuandika yote. Nilisimama mlangoni. Sikuingia. Nilijiambia padre anaungamisha, halafu nikajiambia anapumzika, halafu nikajiambia ataniona mwenyewe. Nilisimama hapo karibu saa nzima na mtoto akiwa anakufa ng'ambo ya mto.

Mama aliyekuwa akipiga deki alinifikia miguuni na tambara lake. "Wewe ni mlango au ni mtu?" akaniuliza. "Kama ni mlango, fungua nipite. Kama ni mtu, ingia."

Wodi nzima ikacheka. Padre akageuka. Nikaingia, nikampa barua, kwa kuwa barua haihitaji koo.

Aliisoma mara moja. Hakuuliza habari za safari.

"Nyanya yako alisema, 'nakubatiza.' Alishika maji?"

"Hapana, Padre. Alimshika mtoto."

"Na wewe uliyemwaga, ulisema?"

"Hapana."

Akavua miwani. "Mwanangu, anayesema 'nakubatiza' lazima awe ndiye anayeosha. Nyanya yako alisema, lakini hakuosha. Wewe uliosha, lakini hukusema. Kwa hiyo hakuna kati yenu aliyembatiza. Mtoto huyo bado."

Nilisikia masikio yangu yakivuma.

"Mlikusudia vema," akasema, "na Mungu ameliona kusudi lenu. Yeye ametufunga sisi kwa maji, mwenyewe hakujifunga, na mtoto huyo ni wake kabla hajawa wako. Lakini tukijua la kufanya na tusilifanye, hilo litakuwa juu yetu. Twende."

Saa saba mchana tulikuwa juu ya pikipiki yake, mimi nimekumbatia mkoba wake wa Sakramenti na wa dawa. Alikwenda kasi kuliko nilivyopenda. Katika kila dimbwi alinyoosha lile goti bovu kando kama kasia. Kijua kilitoka, nikaanza kuamini kwamba tutafika. Kisha, tulipokuwa tumekaribia Ndhiwa, mnyororo ukakatika. Ulikatika kwa sauti ndogo tu, kama mtu anayevunja kijiti.

Tuliisukuma pikipiki kwenye matope mpaka kwa Mwalimu, padre akichechemea, jasho likimtoka hadi kwenye ndevu. Saa kumi na moja na nusu tulifika. Hakuna mtu anayevuka Kuja gizani. Mwalimu akaenda kumtafuta fundi wa baiskeli, na padre akakaa kwenye gogo nje ya nyumba, akanitazama.

"Goti langu halitatembea njia ile kwa siku moja," akasema. "Wewe utaondoka kukianza kupambazuka. Fundi akimaliza nitakufuata. Lakini usinisubiri. Ukifika, utambatiza wewe."

Nikadhani hajaelewa barua. "Padre, mimi mwenyewe sijabatizwa."

"Najua."

"Nitampa vipi kitu ambacho sina?"

"Humpi cha kwako. Anayebatiza ni Kristo. Wewe unamwazima mkono na mdomo kwa muda wa pumzi moja. Anaweza kuazima hata vya mtu asiyebatizwa, ilimradi mtu huyo ataka kutenda kile ambacho Kanisa hutenda. Wewe wataka nini kwa mtoto huyo?"

"Awe mtoto wa Mungu, Padre."

"Mungu wangapi?"

"Mmoja."

"Nafsi ngapi?"

"Tatu. Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu."

"Hiyo yatosha. Sasa niambie maneno, kana kwamba mtoto yuko hapa."

Koo likafunga. Mama Rosa alikuwa dirishani, Mwalimu na fundi walikuwa wamefika, wote wakinitazama. Nilifungua mdomo, kikatoka kitu kama pumzi ya mtu anayepuliza moto.

Padre hakunikemea. "Mungu husikia hata hivyo," akasema. "Lakini maneno haya ni lazima yatoke mdomoni. Yaliyo ndani ya kifua hayajasemwa bado. Fanya mazoezi njiani."

Ijumaa, kulipoanza kupambazuka, niliondoka Ndhiwa mbio. Nilipokuwa peke yangu niliyasema maneno kwa sauti, hatua moja neno moja. Nikiona mtu mbele, sauti inashuka. Nikimpita, inapanda. Kwenye mteremko mmoja sikuwaona wachunga ng'ombe wawili waliokuwa nyuma ya kichaka.

"Yawa! Umesikia huyu?" mmoja akapiga kelele. "Anabatiza nyasi!"

"Abatize na fahali wetu," mwingine akaitikia. "Huyu fahali ni mpagani kabisa, jana ameingia shamba la chifu!"

Siku nyingine ningelala macho wiki nzima kwa maneno kama hayo. Siku hiyo nilipita tu, na nilipokuwa nimefika chini nikagundua kwamba sikuwa nimeacha kusema.

Saa nne asubuhi niliufikia Kuja. Mvua ilikuwa imenyesha milimani usiku, na mto ulikuwa umepanda zaidi ya nilivyouacha. Mtumbwi ulikuwa ng'ambo, umevutwa juu ya nyasi. Moshi ulitoka katika kibanda cha Owiti. Yeye mwenyewe sikumwona.

Nilipunga mikono. Nilipunga shati langu. Hakuna aliyetoka. Mto ulikuwa ukiunguruma kiasi kwamba sikusikia hata pumzi zangu. Nilijua lazima nipige kelele. Nikajaribu kumwita "Owiti," na jina lake likaanguka miguuni pangu. Nikajaribu tena. Gogo likapita, kisha paa la banda la kuku zima, na maji yakala kipande cha ukingo nilichokuwa nimesimamia, nikaruka nyuma.

Sijui niseme nini juu ya kilichotokea hapo. Koo langu lilikuwa limezoea maneno ya aina moja tu tangu alfajiri, na ndiyo yaliyotoka. Nilishika kifua kwa mikono miwili na kupaza sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia: "NAKUBATIZA! KWA JINA LA BABA! NA LA MWANA! NA LA ROHO MTAKATIFU!"

Owiti akatoka kibandani, bakuli la uji mkononi.

Alinivusha kwa shida. Tuligusa nyasi. Kisha akashusha pumzi, akaniuliza, "Ulitaka kuvuka au ulitaka kunibatiza? Maana nimesikia mpaka uji umenimwagikia." Halafu uso wake ukabadilika. Aliufunga mtumbwi kwa kamba mbili. "Wewe ni wa mwisho leo. Hata chifu akija, sivuki tena mpaka yashuke."

Nikafikiria padre na goti lake, kwamba leo hatavuka, nikakimbia.

Saa tano na nusu niliingia uani kwetu. Hakukuwa na kilio. Ndani, Auma alikuwa amelala, homa bado. Dani alikuwa ameketi karibu na moto, mtoto kifuani ndani ya nguo. Nilisogeza nguo. Kifua kidogo kilipanda, kikakaa, nikahesabu mpaka nne, ndipo kikashuka.

Nilichota maji kwa kibuyu.

"Hayo ya nini?" Dani akauliza.

"Ni ya kumbatiza, Dani. Padre amesema lile la kwanza halikuwa ubatizo. Anayemwaga ndiye anayesema."

Dani alimgeuza mtoto upande wa ukuta. "Tulimbatiza. Jina limemshika. Jana amemeza matone sita ya maziwa. Sasa unataka kumwita mara ya pili? Dada yangu atasema tumemkataa, atamchukua."

"Dani, muda..."

"Niliposema mimi, mtoto alinyamaza, ulimwona kwa macho yako. Padre wako alikuwepo? Na wewe, nyakwara, mjukuu wangu, tangu lini unajua kumwita mtu? Hata kuku huwaiti, nawaita mimi."

Kifua cha mtoto kilishuka. Nilihesabu nne. Nikahesabu tano.

"Dani," nikasema, "naomba unyamaze."

Sijawahi kumwambia mtu mzima neno kama hilo. Dani akanitazama kana kwamba mtu mwingine ameingia nyumbani akiwa amevaa uso wangu.

"Jina halibadiliki," nikamwambia. "Simwiti jina jingine. Nitamwita Aloo, kama ulivyomwita. Tunaamini wafu watafufuka, Dani, na Mungu atamwita kila mtu kwa jina lake. Nataka akiitwa, aitwe kwa hilo hilo ulilompa wewe. Mpakate kama Jumanne. Mengine yote niachie mimi."

Niliendelea kuhesabu pumzi. Kisha Dani akamgeuza mtoto kutoka ukutani, akakifunua kichwa.

Nilimwaga maji mara tatu, na nikiwa namwaga nikasema: "Aloo, nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Sauti haikutetemeka. Mtoto alifungua jicho moja, kwa sababu maji yalikuwa baridi, akakunja uso kama mtu anayetaka kulalamika, kisha akalifumba.

Jumamosi, jua lilipokuwa linachomoza, Aloo alikufa mikononi mwa Dani. Homa ya Auma ilikuwa imeanza kushuka, na jambo la kwanza alilouliza lilikuwa kama mtoto alipata maji. Nikaitikia kwa kichwa. Akamshika mtoto wake muda mrefu, akalia bila kupiga yowe.

Saa sita mchana padre alifika. Pikipiki ilikuwa imetengenezwa Ijumaa hiyo hiyo, lakini alikuwa amekaa ukingoni mwa Kuja tangu jioni, akilala katika kibanda cha watu, kwa sababu Owiti alikataa kuvuka mpaka maji yaliposhuka asubuhi. Aliinama karibu na mtoto, akaweka mkono kwenye paji la uso. Alimpa Auma dawa. Kisha akakaa kwenye kigoda na kutoa daftari lake.

Majirani walikuwa wamejaa nyumbani. Wote walitutazama.

"Ni nani aliyemwaga maji?" padre akauliza.

Nikainua mkono.

"Na ni nani aliyesema maneno?"

Nilifungua mdomo. Mbele ya macho yale yote koo likafunga, sawasawa na zamani, kana kwamba sikuwahi kusimama ukingoni mwa mto. Padre alisubiri, kalamu mkononi. Nikaona wasiwasi ukimwingia usoni.

"Ni huyu," Dani akasema kutoka karibu na moto. "Mimi aliniambia ninyamaze, na nikanyamaza. Nilimsikia neno kwa neno."

Padre akaandika.

Tulimzika alasiri ile. Kwetu mtoto mchanga kiasi kile huzikwa na wanawake wachache, haraka, na habari zake haziongelewi. Huyu alizikwa na padre akiwa amevaa mavazi yake, na padre alisali bila huzuni kama ya mazishi mengine, kwa kuwa, alisema, mtu aliyekufa siku moja baada ya ubatizo, asiye na umri wa kutenda dhambi, hatuhitaji kumwombea. Tunaweza kumwomba yeye atuombee sisi.

Hiyo ndiyo safari yangu. Mwalimu Zakaria alinitaka nisimame mbele yenu darasani niwasimulie, nikashindwa, akasema basi niandike, na kwa Kiswahili ili wote mwelewe. Nimeandika kwa wiki tatu. Nilichojifunza ni hiki. Nilidhani imani ni maneno ya kukariri, na kwamba yakishajulikana mtu yeyote anaweza kunisemea. Dani alinisemea vizuri kabisa, na haikuwa kitu. Mkono na mdomo vilitakiwa viwe vya mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa mimi, ambaye hata maji yenyewe sijayapata.

Pasaka nitasimama mbele ya kanisa lote, na padre ataniuliza kama namsadiki Mungu Baba, na Mwana wake, na Roho Mtakatifu, na Kanisa, na ufufuko wa wafu. Naogopa kuliko nilivyouogopa Mto Kuja. Dani ameanza kuja darasa la dini, mmemwona, yule anayewamalizia majibu. Amesema siku hiyo atakaa mbele kabisa, na asiponisikia ataniambia nirudie. Nimemuuliza padre, naye amesema kujibu kunarudiwa. Ni ubatizo tu usiorudiwa.